Mkono wa Kulia

Huku Lota pete huanzia safari kuliani.
Mnapochumbiana mnavishana wote wawili,
mwanamume naye, si bibi harusi peke yake,
pete nyembamba za dhahabu, hazina kito,
na ndani, pasipoonekana, jina la mwenzio na tarehe.
Siku ya harusi padri huziombea,
ndipo zinavuka, kulia kwenda kushoto.
Kivuko kifupi. Wengine hukivuka kwa miezi sita,
wengine miaka tisa, mpaka nyumba iezekwe.

Mimi ndiye mchonga majina. Kabla yangu alichonga baba,
kwenye meza hii hii yenye makovu ya moto,
na wateja wetu walikuwa watu wa makaa,
walioshuka kuchimba chini ya bahari
na kulipa kwa noti zilizoacha weusi kwenye droo.
Kidole cha mchimbaji nakijua bila kukipima:
kifundo kinene kuliko shina.
Pete huingia kwa sabuni, na kutoka kwa msumeno.

Eleuterio alikuja siku kumi na moja kabla ya harusi,
mkono wa kushoto umeviringwa bendeji, mkubwa kama boflo.
Mabehewa mawili yalikutana, kidole kikawa katikati.
Kidole kipi?
Hicho hicho.
Chanda chema huvikwa pete, walisema wahenga.
Hawakuacha neno juu ya chanda kisichokuwapo.

Padri alishauri kidole cha kati.
Mama mkwe alishauri mkufu.
Shangazi kutoka Coronel alitaka wasubiri,
wasubiri nini, sijui; kidole si kitunguu, hakichipui.
Ondina hakushauri kitu. Kanisani, zamu yake ilipofika,
aliichukua pete kwenye kisahani
akairudisha ilikotoka, kulia,
kisha akanyoosha mkono wake mwenyewe,
wa kulia pia. Padri akakohoa.
Baba alikuwa benchi la tatu. Anasema kikohozi kile
kilikuwa kirefu kuliko mahubiri.

Basi miaka arobaini na mitatu
walionekana wachumba.
Wageni kwa muuza samaki waliwauliza, harusi lini?
Naye Ondina, wajukuu wameng'ang'ania sketi yake,
"Bado tunachanga."

Mgodi ukafungwa. Vumbi halikufungwa,
lilibaki kifuani mwa Eleuterio likifanya kazi zamu zote.

Jumanne iliyopita, mvua ikipiga kwa ubavu,
Ondina aliingia na pete ya mumewe
ndani ya kiberiti.
Wajane huja hivyo. Huomba ya marehemu iunganishwe na yao,
mbili zikae kidole kimoja.
Niliwasha taa. Nikaiona N ya baba,
ile aliyoichonga imeinama daima kama mtu apandaye mlima.
Nikachukua vipimo, nikaelekea mkono wa kulia
kwa mazoea.
Akautia mfukoni.
Akaweka mezani wa kushoto.

Kidole kile hakikuwa na mfereji.
Hakijawahi kubeba kitu.
Kilikuwa laini, cheupe kidogo, namba mbili chini ya mwenzake,
na kilitetemeka, au ni taa.
"Ziunganishe, usiziyeyushe. Mshono nataka niuhisi kwa ukucha."
Unazihitaji lini?
"Jumamosi, saa tano. Padri ni mgeni, hajui habari zetu.
Usimwambie."

Kuipunguza pete ni kuikata:
unaondoa kipande, unaziba pengo kwa moto.
Ya Eleuterio ilihitaji kukatwa zaidi, karibu robo.
Upande mmoja limekaa jina,
upande mwingine siku ya uchumba.
Nimekaa nayo tangu magharibi, chai imepoa,
msumeno mwembamba kama unywele mkononi.

Nimekata tarehe.